Njia ya Nani? Kampuni ya CFL na Bandari ya Kalundu katika Historia ya Usafiri wa Ziwa Tanganyika

1. Utangulizi

Kalundu ni sehemu ya kusini ya mji wa Uvira, mahali ambapo milima ya Mitumba inasogea karibu kabisa na maji ya Ziwa Tanganyika. Jina lake linajulikana na wasafiri kwa sababu ya bandari. Pengine wachache zaidi wanakumbuka kwamba bandari hiyo ilikuwa pia mwanzo wa reli. Tangu mwaka 1931 hadi mwaka 1958, gari la moshi lilitoka ufukweni hapo, likakata tambarare ya Ruzizi na kufika Kamanyola, mwendo wa kilometa zipatazo 94.

Makala haya yanakusudia kueleza kukua kwa kampuni iliyoiweka Kalundu katika ramani ya usafiri wa Afrika ya Kati, pamoja na mabishano yaliyoifuata kampuni hiyo tangu kuzaliwa kwake. Kampuni yenyewe ni ile ya Reli za Kongo ya Juu hadi Maziwa Makuu ya Afrika, ambayo kwa herufi za Kifaransa huitwa CFL. Ilikuwa mali ya watu binafsi, lakini kazi yake iliitwa kazi ya umma. Katika jina hilo la pili ndimo limo tatizo tunalotaka kulichunguza. Umma huo ni nani? Hoja yetu ni kwamba mkataba ulioizaa kampuni uliulinda kwanza mtaji wa mwenye hisa. Mtu aliyeitumia njia, au aliyeijenga kwa mikono yake, hakuwa mshiriki wa mkataba huo. Kwa hiyo njia ilipokoma kuleta faida, hakuwa na chombo chochote cha kumsemea.

2. Mkataba wa mwaka 1902

CFL ilizaliwa kwa mapatano ya tarehe 4 Januari 1902 baina ya Dola Huru la Kongo, yaani milki ya Mfalme Leopold wa Pili, na kundi la fedha la Édouard Empain, tajiri wa Ubelgiji aliyepewa cheo cha ubaroni mwaka 1907. Mtaji wa kuanzia ulikuwa faranga milioni 25. Kazi ya kampuni ilikuwa kujenga reli pale ambapo maporomoko ya maji yanazuia vyombo kupita katika mto Lualaba, kisha kuuunganisha mto huo na Ziwa Tanganyika.

Masharti mawili ya mapatano hayo yanastahili kutazamwa kwa makini. La kwanza, Dola liliwadhaminia wenye hisa riba ya asilimia 4 kwa mtaji wao. La pili, kampuni iliahidiwa hekta milioni 4 za ardhi, pamoja na haki zinazohusu misitu na madini. Kwa maneno mengine, kampuni ya usafiri ilipewa utajiri usiohusiana na usafiri kabla haijabeba hata gunia moja. Hasara ikitokea, hazina ya Dola ingelipa. Faida ikitokea, ingegawanywa kwa mujibu wa hisa.

Ili kuelewa jambo hili vizuri, inafaa tuliweke kando ya kazi nyingine ya Empain huyo huyo. Miaka miwili tu kabla ya hapo, tarehe 19 Julai 1900, kampuni ya kundi lake ilifungua njia ya kwanza ya reli ya chini ya ardhi mjini Paris. Huko manispaa ya jiji ndiyo iliyojenga mahandaki, na kampuni ikatandika reli, ikaleta magari na kuyaendesha. Mkataba wa Paris ulitaja nauli yenyewe: sentimu 15 kwa daraja la pili na sentimu 25 kwa daraja la kwanza. Abiria hakukaa mezani siku ya kutia sahihi, lakini madiwani aliowapigia kura walikaa, na kampuni haikuweza kupandisha nauli kwa hiari yake.

Hatusemi kwamba Empain alikuwa mwema Paris na mbaya Kongo. Mfanyabiashara alikuwa mmoja, na tofauti ilitokana na yule aliyekaa upande wa pili wa meza. Kule Paris mkataba ulikadiria nauli ya abiria. Huku Kongo ulikadiria riba ya mwenye hisa.

3. Kukua kwa kampuni: reli tatu na ziwa

Ujenzi ulifuata maporomoko. Sehemu ya kwanza, ya kilometa 125, iliunganisha Stanleyville (sasa Kisangani) na Ponthierville (sasa Ubundu), ikafunguliwa mwaka 1906. Sehemu ya pili, ya kilometa 355, ilitoka Kindu hadi Kongolo ili kuepuka mkondo mkali unaoitwa Mlango wa Jehanamu, ikakamilika mwishoni mwa mwaka 1910. Sehemu ya tatu, ya kilometa 273, ilitoka Kabalo hadi Albertville (sasa Kalemie), ikafika ziwani mwaka 1915. Kati ya sehemu hizo, mizigo na watu walisafiri kwa vyombo vya mtoni.

Njia hiyo haikupita katika nchi tupu. Ilipita kandokando ya nchi ya misafara ya zamani, nchi ya Nyangwe na Kasongo, ambako Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuingia katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliotoka pwani. Kwa mwanaisimu hili si jambo dogo. Kambi za wafanyakazi ziliwakusanya watu wa lugha mbalimbali, na lugha ya kuelewana ilikuwa tayari ipo. Reli haikukileta Kiswahili mashariki ya Kongo. Ilikipa kazi mpya: lugha ya soko la misafara ikawa pia lugha ya karakana, ya ghala na ya gati.

Lakini wafanyakazi hao walipatikanaje? Mwaka 1906 Dola Huru lilitoa amri iliyoruhusu watu wachukuliwe kwa lazima kufanya kazi zilizoitwa za manufaa ya umma, na ujenzi wa reli ya kampuni ulikuwa miongoni mwake. Msomaji azingatie maneno yenyewe. Kijana wa kijijini alitiwa kazini kwa jina la umma, ili ajenge mali ambayo hisa zake zilikuwa Ulaya. Wakati wa kudai jasho, kampuni ilikuwa ya umma. Wakati wa kugawa gawio, ilikuwa ya watu binafsi.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliikuta reli ikikaribia ziwa. Tarehe 22 Agosti 1914 meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann iliishambulia meli ya Kibelgiji Alexandre Delcommune na kuiharibu. Mwaka uliofuata Waingereza walileta boti mbili ndogo za kivita, Mimi na Toutou, kutoka Afrika ya Kusini. Safari yao ya mwisho hadi ziwani ilitumia reli mpya ya kutoka Kabalo. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilizamishwa, na mwezi wa Julai mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yakaingia Kigoma. Vita vilipokwisha, Ubelgiji ikawa na utawala wa Ruanda-Urundi. Kwa mapatano ya mwaka 1921 ilipewa pia na Uingereza maeneo ya kushushia mizigo huko Kigoma na Dar es Salaam, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Ziwa Tanganyika, lililokuwa mpaka wa vita, likawa sasa barabara ya biashara. Meli za CFL, miongoni mwao Baron Dhanis, zikawa na kazi tele baina ya Albertville, Kigoma, Usumbura na Uvira.

4. Kalundu na reli ya Kivu

Katika miaka ya 1920 macho ya kampuni yaligeukia kaskazini. Milima ya Kivu ilikuwa na rutuba na hali ya hewa iliyowavutia walowezi wa Kizungu. Chini yake kulikuwa na madini ya dhahabu na bati. Mwaka 1923 kundi la Empain liliunda kampuni ya madini ya Maziwa Makuu, iliyojulikana kama MGL. Mwaka 1928 ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, CNKi, ambamo CFL ilikuwa mshirika mkubwa. Kamati hiyo ilipewa mamlaka juu ya maeneo makubwa ya ardhi ya Kivu na kuyagawa kwa walowezi na makampuni. Hapa ndipo ahadi ya ardhi ya mwaka 1902 ilipozaa matunda: mwenye meli akawa pia mgawaji wa mashamba ambayo mazao yake yangepakiwa katika meli hizo.

Reli ya Kalundu hadi Kamanyola ilizaliwa katika mazingira hayo. Ilibeba jina la kampuni yake, CEFAKI, yaani Kampuni ya Reli ya Kivu, lakini bila meli za ziwani isingekuwa na kazi. Shabaha ilikuwa kuliunganisha Ziwa Tanganyika na Ziwa Kivu. Ilipofika Kamanyola, hata hivyo, reli ilikutana na ngazi ya milima. Mto Ruzizi hushuka kutoka Ziwa Kivu kwa korongo lenye miteremko mikali, na kuupandisha mstari wa reli huko kungegharimu fedha nyingi mno. Reli ikakomea hapo. Kutoka Kamanyola hadi Costermansville (sasa Bukavu) mizigo ilipanda milima kwa malori.

Kwa mkazi wa tambarare, upande wa Kiliba, Sange na Luvungi, reli hiyo ilikuwa na nyuso mbili. Ilifungua soko na ajira bandarini. Papo hapo ilikuja pamoja na kilimo cha pamba cha kulazimishwa, ambacho utawala wa Kongo ya Wabelgiji ulikieneza kwa sheria tangu mwaka 1917. Mkulima aliilima pamba kwa amri na kuiuza kwa bei ambayo hakuipanga yeye.

Ni vema hapa tuguse neno moja la Kiswahili cha Kongo. Watu wa mashariki huiita serikali leta, kutokana na Kifaransa. Kazi ya leta ni kazi ya serikali, na hasa ile isiyokataliwa. Kampuni iliyopata wafanyakazi kwa nguvu ya amri za serikali, iliyobeba pamba ya amri za serikali, na iliyolipwa riba na serikali, ingewezaje kutenganishwa na leta katika fikra za watu? Sheria iliweka mpaka baina ya vitu hivyo viwili. Maisha ya kila siku hayakuuona. Na neno leta si sawa na neno umma. Leta ni yule anayeamuru. Umma ni wale wanaoamriwa. Kutafsiri la kwanza kwa la pili ni kuficha historia nzima.

5. Mabishano

Ubishi wa kwanza ulihusu njia yenyewe. Serikali ya Ubelgiji iliipendelea njia iliyoitwa ya taifa, yaani ile iliyobaki ndani ya Kongo hadi bandari ya Matadi. Tuhesabu gunia la kahawa la Bukavu katika miaka ya 1930. Lilishuka kwa lori hadi Kamanyola, likahamishiwa katika treni hadi Kalundu, kisha meli hadi Albertville, kisha treni hadi Kabalo, kisha chombo cha mtoni hadi Kongolo, kisha treni hadi Kindu, kisha chombo cha mtoni hadi Ponthierville, kisha treni hadi Stanleyville, kisha chombo cha mtoni hadi Léopoldville, kisha treni hadi Matadi, na hatimaye meli ya bahari. Mara kumi gunia hilo liliinuliwa mabegani na kuhamishwa kutoka chombo kimoja hadi kingine. Kwa njia ya Kigoma na Dar es Salaam lilihamishwa mara nne tu. Mwaka 1939 reli ya baina ya Kongolo na Kabalo, pamoja na daraja la Lualaba, ilipunguza mihamisho miwili, lakini tofauti ilibaki kubwa. Mwenye shamba alilalamikia ada. Mpagazi ambaye bega lake lilifanya kazi hiyo mara kumi hakuwa na mahali pa kupeleka malalamiko yake.

Ubishi wa pili ulihusu msaada wa serikali kwa kampuni zilizoteuliwa. Kesi iliyotangaza jambo hili duniani haikutokea ziwani bali katika mto Kongo, lakini inatufundisha mengi. Mwaka 1931, wakati wa mdororo wa uchumi, serikali ya Ubelgiji iliiagiza kampuni ya Unatra, ambayo hisa zake nyingi zilikuwa za serikali, ipunguze mno ada za usafirishaji, nayo ikaahidi kuifidia hasara. Oscar Chinn, Mwingereza aliyekuwa na vyombo vyake vya mtoni, hakuahidiwa fidia, na biashara yake ikafa. Uingereza ikapeleka shauri katika Mahakama ya Kudumu ya Haki ya Kimataifa. Tarehe 12 Desemba 1934 mahakama iliipa Ubelgiji ushindi kwa kura 6 dhidi ya 5. Wingi huo mwembamba unaonyesha jinsi swali lilivyokuwa gumu: je, kampuni inayolindwa na hazina ya serikali inashindana na wengine, au inawaondoa tu njiani?

Jibu la serikali huko magharibi lilikuwa kuanzisha shirika la umma, Otraco, mwaka 1935, ambalo lilichukua kazi za Unatra. Mashariki mambo yalikwenda vingine. CFL ilibaki mikononi mwa kundi la Empain. Kwa hiyo nchi moja ilikuwa na usafiri wa aina mbili, wa shirika la serikali magharibi na wa kampuni yenye mkataba mashariki, na wakazi wa pande zote mbili hawakuulizwa.

Ubishi wa tatu ulihusu mwisho wa reli ya Kivu. Katika miaka ya 1950 CFL ilifanya kazi kubwa ya kuunganisha mtandao wake. Mwaka 1955 upana wa reli zake za upande wa Albertville ulibadilishwa kutoka milimita 1,000 hadi 1,067, na mwaka 1956 Kabalo ikaunganishwa na Kamina, yaani na reli za Katanga. Hata hivyo, wakati huohuo ambapo kusini kulikuwa kunaunganishwa, kaskazini kulikatwa. Barabara zilikuwa zimetengenezwa, na lori lililotoka Bukavu halikuona sababu ya kupakua mzigo Kamanyola wakati lingeweza kufika ziwani lenyewe. Mwaka 1958 reli ikafungwa.

Kwa hesabu za kampuni, uamuzi huo ulikuwa sahihi. Reli fupi isiyofika inakokwenda haiwezi kushindana na lori. Lakini hesabu za kampuni hazikuwa na safu ya kuandikia faida na hasara za mkazi wa Sange. Mwaka 1902 serikali ilikubali kulipia hasara ya mwenye hisa; mwaka 1958 hakukuwa na mkataba wa kulipia hasara ya abiria.

6. Baada ya uhuru

Uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 uliikuta CFL ikiwa bado kampuni. Machafuko yaliyofuata yaliivunja nguvu. Mwezi wa Mei 1964 waasi waliuteka mji wa Uvira, na mwezi uliofuata Albertville ikaanguka pia. Mwaka 1965 milima ya Fizi ikawa uwanja wa vita. Ziwa likawa tena mpaka. Mwaka 1974 serikali ya Mobutu iliunganisha CFL na makampuni mengine ya reli katika shirika moja la taifa, SNCZ. Kampuni ya mwaka 1902 ikakoma kuwa kampuni ya watu binafsi.

Je, njia sasa ilikuwa ya umma? Ilikuwa ya leta. Tofauti ya maneno hayo mawili tumekwisha kuieleza. Reli na meli zilizeeka bila kufanyiwa matengenezo ya kutosha. Mwaka 1995 uendeshaji ulikabidhiwa kwa Sizarail, ubia uliowashirikisha wageni wakiwemo wa Ubelgiji na Afrika ya Kusini. Mwaka 1997, utawala ulipobadilika, ubia huo ukavunjwa. Shirika la taifa likarudi kwa jina la SNCC, na bandari ya Kalundu ikawa chini yake.

Pengo lililoachwa na meli za zamani lilijazwa na vyombo vya watu binafsi, vikubwa kwa vidogo, vinavyobeba watu na magunia kwa pamoja. Vyombo hivyo vimeuokoa uchumi wa ufuko wote, kwa kuwa bila vyenyewe soko la Uvira lisingepata samaki wala mahindi ya kusini. Lakini gharama yake imekuwa ya kutisha. Mwezi wa Desemba 2014 chombo kiitwacho Mutambala kilizama katika Ziwa Tanganyika, na watu zaidi ya 120 wakapoteza maisha. Nalo ziwa lenyewe limepanda katika miaka ya 2020 na kuvamia mitaa ya ufukweni. Kazi za kulinda gati na kukagua vyombo zinahitaji mwenye dhamana, na mwenye dhamana huyo ni shida kumpata.

7. Hitimisho

Tumeona kampuni ikizaliwa kwa mkataba wa kifalme, ikikua kwa reli tatu, kwa meli na kwa ardhi, ikafika Kalundu mwaka 1931, na kuondoa treni yake mwaka 1958. Tumeona pia kwamba mabishano yake hayakutokana na ubinafsi wa mali peke yake. Reli ya chini ya ardhi ya Paris nayo ilikuwa ya kampuni, na shirika la SNCZ lilikuwa la serikali. La kwanza lilimhudumia abiria, la pili lilimwacha njiani. Jambo la kuamua ni kama mtumiaji wa njia ametajwa katika mkataba au la: nauli yake, usalama wake, na haki yake ya kuulizwa kabla njia haijafungwa.

Somo hilo linaihusu Kalundu ya sasa kuliko ile ya Empain. Mipango ya kukarabati bandari na kuwaalika wawekezaji husikika kila baada ya muda, na hakuna ubaya katika kualika mtaji. Lakini atakayeandika mkataba mpya na aanze na ukurasa uliokosekana mwaka 1902, ule wa kumtaja mama mwenye kikapu cha dagaa anayesubiri gatini. Yeye ndiye umma, na asipotajwa yeye, neno hilo litabaki kuwa jina lingine la leta.